Shangazi, paka wangu anakula samaki wabichi kila siku na saivi anayumba

SWALI

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa huku Ujiji, naomba unisaidie mana nimeuliza watu wengi na kila mtu ananiambia lake.

Tuna paka dume, watoto wanamwita Shombo, kwa sababu siku ya kwanza mwanangu wa pili alimleta kutoka mwaloni Kibirizi kamficha ndani ya shati, mtoto na paka wote wananuka samaki mpaka nikawaogesha wote wawili. Alikuwa mdogo anaenea kwenye kikombe cha uji. Saivi ana kama mwaka na miezi miwili. Juzi jirani kampima kwenye mzani wake wa samaki akaja kilo 3 na robo, na miezi michache nyuma mzani huohuo ulisoma kilo 4.

Sasa chakula chake. Mwanzoni alikuwa anakula tunachokula sisi, ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa wa mawese uliobaki, anakula kidogo anaacha. Alafu huyu jirani anauza samaki, akaanza kutupa matumbo na vichwa vya migebuka bure kila asubuhi, na dagaa wabichi waliokatikakatika anatuletea pia, basi Shombo akawa hataki kitu kingine. Ni karibu miezi minne anakula hivyo tu, vibichi, nikichemsha anasusa. Mi nilifurahi kwa kweli, paka na samaki si ndo wenyewe, tena vya bure.

Lakini hii wiki ya pili naona kitu kinanitisha. Alikuwa anatoka chini anaruka mpaka juu ya kabati la vyombo, saivi anajaribu stuli tu anakosa. Akitembea miguu ya nyuma inapishana kama mtu kalewa. Na jana usiku nimemkuta kakaa kainamisha kichwa, kidevu kimegusa kifua, nikimwita anageuka taratiiibu. Chakula anakuja anakinusa anaondoka. Manyoya yamekauka yamesimama.

Baba watoto anasema mwache ashike panya, paka ukimlisha anakuwa mvivu. Mama mkwe yeye ananihimiza nimtunze, anatukumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa na adhabu aliyoipata, ila nikimuuliza nimpe nini anasema maziwa, na maziwa ya ng'ombe nikimpa anaharisha. Mdogo wangu yuko Dar anasema ninunue chakula cha paka cha mfuko. Nilienda duka la mifugo wakanionesha, bei yake nikaona hii si ni sado ya dagaa hii, wakaniambia wanaweza kunipimia kidogo kwenye nailoni. Sijanunua, mana wengine wanasema hicho cha mfuko ndo kinaua figo.

Shangazi mi sina uwezo wa kumlisha paka vizuri kuliko wanangu lakini kumwona hivi roho inaniuma. Chakula gani cha kila siku kinamfaa paka kwa mtu wa hali yangu, na huku kuyumba kunatokana na nini? Na ziwa likifungwa watu wasivue itakuwaje?

Mama Shombo, Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu. Habari ya chakula nakuja nayo, lakini kwanza mtie Shombo kwenye tenga au boksi lenye matundu umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usisubiri wiki iishe. Humjui daktari? Nenda ofisi ya mifugo ya manispaa uulizie. Ukifika mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, miezi minne ya samaki wabichi, miguu inapishana, kidevu kifuani. Hicho kidevu kifuani usisahau kukisema, mana daktari akisikia hilo pamoja na samaki wabichi atawaza vitamini B1 mara moja.

Ngoja nikueleze kwa nini. Samaki wengi wakiwa wabichi, na jamii ya dagaa inajulikana sana kwa hili, wana kimeng'enya kinaitwa thiaminezi ambacho kazi yake ni kuivunja vitamini B1. Kwenye matumbo na vichwa ndo kinajaa zaidi, yaani palepale alipokuwa anakula Shombo. Paka anahitaji B1 nyingi na mwilini haiwekeki akiba, kwahiyo ikikatwa wiki baada ya wiki ubongo na mishipa ya fahamu inakosa nguvu. Anaanza kususa chakula, anapepesuka, shingo inalegea inainama, na akiachwa inafika kwenye degedege na kufa. Tatizo likiwahiwa, sindano za B1 zinamrudisha paka haraka kweli, wengi wanabadilika ndani ya siku moja mbili. Ila usijipimie mwenyewe dawa nyumbani, na kuyumba kunaweza kutoka kwenye vitu vingine pia, sumu, sikio kuoza ndani, kugongwa na bodaboda, ndo maana lazima aonwe. Na mtu yeyote asikwambie umpe Panadol. Panadol inaua paka, hata nusu kidonge.

Nilishawahi kumpoteza paka jike kwa staili hii miaka ya nyuma nikiwa Gungu, mimi na wenzangu tulidhani karogwa, tukakaa tunamtazama siku nne. Kwahiyo nikikwambia leo naomba iwe leo.

Habari njema ni kwamba moto unakimaliza hicho kimeng'enya. Samaki huyohuyo wa bure akichemka vizuri B1 haivunjwi tena, kwahiyo jirani yako usimkatalie, mshukuru na uendelee kupokea. Ila hata akipikwa, samaki peke yake kila siku sio mlo. Samaki wa mafuta wakizidi wanamaliza vitamini E ya paka, alafu mafuta yaliyo chini ya ngozi yanavimba yanakuwa ya njano na magumu, ukimshika tumbo analia. Na hapo ndo ujue samaki aliyechacha ni mbaya mara mbili, vile vya jana vilivyokaa kwenye ndoo juani usimpe.

Sasa tuongee mlo wenyewe. Paka sio kama mbwa na sio kama sisi, kaumbwa wa nyama. Sisi tukila mawese yale mekundu, ule wekundu mwili wetu unaubadilisha kuwa vitamini A, ndo maana watoto wa Kigoma wanakuzwa na mawese. Paka hawezi. Umwekee mawese bakuli zima hapati vitamini A humo, mpaka aikute imeshatengenezwa tayari kwenye ini la mnyama au kwenye samaki mzima. Ugali nao haumuui, lakini ugali wa muhogo karibu hauna protini kabisa, unamjaza tumbo anaonekana kashiba huku misuli inaisha. Ukilazimika kuongezea basi usizidi robo ya bakuli, na uwe umeiva vizuri. Na huo mchuzi wenyewe shida sio dagaa, shida ni vitunguu na chumvi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichoiva, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwahiyo cha kwake toa kabla hujaunga.

Kuna kitu kingine kinaitwa taurini. Kinatoka kwenye nyama na samaki, kwenye mimea hakipo, na paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Kikipungua macho yanakufa taratibu na moyo unatanuka unakuwa mwembamba kama puto. Huko Marekani paka walikuwa wanakufa moyo hivyo wakati wanakula chakula cha dukani cha bei kubwa tu, mpaka mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipoonesha kwamba taurini ndo ilikuwa haitoshi, viwanda vikaongeza. Nakwambia hivi ili ujue hata waliokuwa na maabara walikosea chakula cha paka, kwahiyo usijilaumu na hiyo miezi minne.

Taurini nyingi iko kwenye moyo. Moyo wa ng'ombe, mioyo ya kuku, na paja la kuku kuliko kidari. Nenda kwa wanaochinja kuku wa kisasa uombe mioyo na filigisi, au bucha uombe kipande cha moyo na mapupu, mapupu ni ya bei ya chini mana watu wengi hawayataki. Mapupu ni ya kujazia tu, moyo ndo wenye kazi. Chemsha na maji kidogo, usiweke chumvi, na hiyo supu usiimwage, taurini inayeyuka inahamia kwenye maji, mmwagie palepale juu ya nyama. Ini nalo mpe, kipande kama kidole gumba mara mbili kwa wiki inatosha, ini likiwa ndo chakula cha kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inashikana. Yai la kuchemsha siku ambayo bucha limefungwa ni sawa kabisa.

Kiasi? Paka mkubwa wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 mpaka 250 kwa siku, hiyo kwa nyama iliyoiva ni kama gramu 130 hivi, yaani kiasi cha kujaza kiganja chako, ukigawa asubuhi na jioni. Shombo kapungua, mpe ya kilo 4 sio ya kilo 3. Na baba watoto mwambie kwa upole tu kwamba panya mmoja mdogo wa nyumbani ana kama kalori 30, kwahiyo paka aishi kwa panya peke yake ashike saba nane kila siku ya Mungu. Hao panya nane wako wapi? Paka aliyeshiba anawinda vilevile, kuwinda kwake hakusubiri njaa. Mi naogopa zaidi panya wenyewe, mtu wa nyumba ya tatu akiweka sumu ya panya na Shombo akala yule panya, sumu inaingia kwake.

Sasa dagaa, hapa nataka ukae unisikilize vizuri mana ndo utajiri wetu. Dagaa mkavu wa Kigoma analiwa mzima na mfupa wake, na nyama ya bucha ina kalsiamu kidogo sana, kwahiyo wawili hawa wanakamilishana. Ila wa kuanikwa mchangani wana mchanga. Mi nafanya hivi, namwagia maji ya moto kwenye sufuria, nakoroga kwa mkono wa mwiko, naacha kidogo, alafu nawakamata juujuu kwa chujio bila kutibua, ukiangalia chini ya sufuria utaona mchanga umelala kama ule wa ufukweni. Narudia mpaka chini paonekane peupe. Hiyo kuloweka inatoa na chumvi, kwa wale waliotiwa chumvi. Alafu nawachemsha. Wengine nawakausha tena kwenye kikaango bila mafuta nawatwanga, unga wake nauweka kwenye kopo, kila mlo wa nyama naunyunyizia kijiko kimoja cha chai. Na siku hiyo ya unga hata paka msusaji anakula, mana harufu ipo.

Dagaa wa kununua angalia wang'ae kama bati, wasiwe wa njano wala wasiwe na ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Samaki kama mlo kamili, iwe dagaa au vichwa vya mgebuka vya jirani, siku mbili au tatu kwa wiki, zilizobaki moyo na kuku na yai. Vichwa ukishachemsha chambua nyama ya mashavu, mifupa mikubwa tupa. Mifupa ya kuku iliyoiva usimpe hata siku moja, inapasuka vipande vyenye ncha.

Kuhusu ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwahiyo ulizia na mwaka huu linafungwa lini, na hata likiwa wazi usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, we mtu wa Ujiji hilo unalijua kuliko mimi. Kwahiyo kabla halijafungwa jiwekee dagaa wakavu kiasi, sio gunia, mana mafuta yao yanachacha, kopo la mfuniko mbali na jua, ukifungua unanusa kwanza. Miezi hiyo ya kufungwa tegemea zaidi mioyo ya kuku na mayai, kopo lako la unga wa dagaa litakuwa la kunyunyizia tu. Paka aliyezoeshwa vitu viwili vitatu kabla ziwa halijafungwa hatakusumbua.

Cha mfuko sasa. Mi sio adui yake. Kilichoandikwa kwamba ni chakula kamili cha paka kimewekewa taurini, B1, vitamini A, vyote hivi ninavyohangaika kukueleza, na kama bajeti yako ingeruhusu ningekwambia nunua tusiongee mengi. Ila cha kupimiwa kwenye nailoni achana nacho, hujui kimefunguliwa lini, hujui tarehe, na inaweza kuwa cha mbwa. Cha mbwa hakimtoshi paka taurini. Kama mdogo wako wa Dar anaweza kutuma mfuko mmoja mdogo uliofungwa, mpe konzi ndogo kila siku juu ya mlo wako wa nyumbani, hata kikiwa robo tu ya chakula chake kinaziba mapengo mengi, mana nisikufiche, mlo wa kupika nyumbani peke yake ni vigumu kuupatia asilimia mia. Hilo la figo, mfuko wenyewe hauziui figo. Taabu ni kwamba chakula kikavu kina maji kidogo sana na paka ni mvivu wa kunywa, kwahiyo kiloweke kwa supu. Na kwa dume uwe macho, ukimwona anachuchumaa mara kwa mara mkojo hautoki au unatoka tone tone na analia, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, njia imeziba, akilala nao anaweza kufa.

Maziwa acha, mwambie mama kwa heshima kwamba paka mkubwa wengi wao tumbo haliwezi ile sukari ya maziwa ndo maana anaharisha. Maji safi tu, bakuli liwe mbali kidogo na la chakula.

Kususa kwake utakutana nako. Usimbadilishie ghafla, na usimnyime chakula ukisema njaa itamfundisha, paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake linajaa mafuta na hilo ni gonjwa jingine. Chukua vichwa vilevile anavyovipenda, vichemshe, chambua, changanya na moyo uliokatwa vipande vidogo, samaki wengi moyo kidogo, kila siku unapunguza samaki unaongeza moyo, baada ya siku 7 mpaka 10 utakuwa umefika. Mpe kikiwa vuguvugu kama mwili wa panya aliyekufa sasa hivi, cha baridi hakina harufu na paka anakula kwa pua. Siku hizi za kwanza akiwa bado anayumba mwekee bakuli chini sakafuni, na stuli iondoe asije akajaribu kuruka akaanguka.

Alafu huo mzani wa jirani endelea kuutumia. Mpime kila baada ya wiki mbili, andika ukutani kwa chaki. Akipanda kuelekea kilo 4 na manyoya yakaanza kulala, chakula kimekubali. Akibaki palepale au akashuka tena, mrudishe kwa daktari na umpelekee hizo namba.